Fundi wa Kwenye Bango

Mwanangu alipoanza kuumwa tena, bango lake lilikuwa bado limetundikwa kwenye lango la kanisa. Ni bango kubwa la plastiki, unaliona tangu mwanzo wa barabara. Amebeba kochi la mtu mmoja kichwani, meno yote nje, na chini wameandika kwa herufi nyekundu: ALIKUWA WA KUFA, MTAZAMENI LEO.

Picha ile haikudanganya siku ilipopigwa. Uvimbe wa tumboni ulikuwa umemlaza, hospitali wakamtibu muda mrefu, kisha Mchungaji akamwombea mbele ya watu wote naye akasimama. Akarudi karakanani kwake kukata sponji na kuvalisha viti vitambaa. Mimi nilimshukuru Mungu jikoni, mikono ikiwa kwenye maji ya vyombo, maana huko ndiko nilikozoea kuongea naye. Sikuuliza kama ni dawa au ni maombi. Mtoto akirudi nyumbani huulizi amepitia njia gani.

Yeye kwa shukrani aliwatengenezea kanisa kiti cha madhabahuni, cha kukalia Mchungaji. Alitengeneza fremu mbili, akachagua iliyo nzuri zaidi. Ile nyingine ilibaki kwetu barazani, ina sponji lakini haina kitambaa.

Maumivu yaliporudi hayakuja kwa kishindo. Kwanza akaacha kuinama. Kisha akaanza kusema ameshiba kabla sahani haijafika. Siku alipotapika damu, mkewe alifua mashuka yale kabla majirani hawajaamka, akayaanika chumbani juu ya milango ya kabati.

Mkwe wangu ni mwanamke mwema, niseme hilo mapema msije mkamhukumu. Tangu aolewe hajawahi kwenda kulala bila kuniuliza kama nimekula. Ni mwimbaji wa kwaya, sauti ya kwanza, na siku mumewe aliposimama mbele ya watu yeye ndiye aliyeanzisha wimbo. Kwake, kusema kwamba ugonjwa umerudi kulikuwa sawa na kuurudisha kwa mkono wake mwenyewe.

Mchungaji alikuja na wazee wawili wa kanisa. Walileta sukari na blanketi zito, jipya. Mchungaji alipiga magoti, akashika miguu ya mwanangu iliyokuwa baridi, akaisugua, machozi yakamtoka. Sikuona unafiki ndani yake na sitausingizia. Kisha akamwambia kwamba adui hataki mwili wake, anataka ushuhuda wake, kwa hiyo asimpe.

Mwanangu akasema, "Mchungaji, naumia."

"Hicho ni kivuli cha ugonjwa, ndugu yangu. Sema nimepona."

Akasema amepona. Alisema huku ameuma ncha ya blanketi.

Walipotoka, wakazungumza na mkwe wangu pale barazani. Walimshauri, kwa upole tu, kwamba ndugu asionekane kwanza. Wapo waumini wachanga wanaosimama kwa kumwangalia yeye. Asirudi hospitali pia, maana pale mtu huandikwa mgonjwa, na habari zina miguu. Tangu siku hiyo pazia la chumba halikufunguliwa. Aliyeuliza aliambiwa fundi amesafiri. Hata mjukuu wangu, ambaye meno ya mbele yamemng'oka na mapya bado hayajaota, alifundishwa kusema hivyo.

Akaja kuninong'oneza, "Bibi, safari ya baba si ya mbali. Namsikia akikohoa."

Nikamwambia kweli, si ya mbali.

Aliyekataa kudanganywa alikuwa jirani yetu, fundi baiskeli, ambaye mtaa mzima unamwita Spana. Yeye husema kwamba yeye na Mungu hawajasalimiana siku nyingi, lakini hawajagombana. Alikuja mlangoni, akaambiwa rafiki yake amesafiri, akasema haya, sawa. Kesho yake akahamisha kazi yake yote, pampu, viraka, karai la maji, akaja kuketi chini ya dirisha la chumba kile. Akawa anaziba pancha huku anaongea na pazia.

"Fundi, huko ulikosafiri kuna wanawake wazuri?"

Kutoka ndani, sauti nyembamba, "Mmoja tu, naye ni mama yangu."

"Basi rudi. Hiyo safari imekula kwako."

Mkwe wangu alitaka kumfukuza, nikamwomba amwache. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kumsikia mwanangu akicheka, ingawa kicheko kilimuumiza. Spana ndiye aliyekuwa akipitisha vidonge vya maumivu dirishani, amevitia ndani ya kiberiti. Alisema maneno machache tu siku aliponipa vya kwanza: "Mama, mficha maradhi unajua mwisho wake." Vidonge vile vilikuwa kama kuzima moto kwa mate, lakini vilimpa nafasi ya kusinzia.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiishi alipokuja mwanamke mmoja na binti yake.

Sikumjua. Alikuwa amevaa vizuri, nguo za kanisani, na binti alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, shingo nyembamba kama ya ndege. Alimuuliza mkwe wangu kama hapa ndipo kwa yule ndugu wa kwenye bango. Mkwe wangu akajibu kwamba amesafiri. Mwanamke akasema hakuna neno, alikuja kushukuru tu. Binti yake alikuwa na ugonjwa wa damu, wamekaa naye hospitali mpaka amechoka kudungwa. Kila Jumapili yeye, mama mtu, alikuwa akiliangalia lile bango, mpaka akapata ujasiri. Wameacha hospitali. Hawarudi tena. Akatoa mayai kwenye mfuko, akayapanga mezani moja moja yasivunjike, akaomba fundi akirudi aambiwe kwamba imani yake imezaa mtoto.

Binti wakati wote alikuwa ameegemea ukuta. Nilimpa kigoda, akanishukuru kwa macho.

Walipokwenda, mwanangu aliita kutoka chumbani. Alikuwa amesikia kila neno. Tulimkuta amekaa, kitu ambacho hakuwa amekiweza peke yake kwa siku nyingi.

Akamwambia mkewe, "Unajua yule mama anakoishi?"

Mkewe akasema hajui, humwona kanisani tu.

"Basi Jumapili umwambie ukweli."

Mkwe wangu akakaa kitandani, akashika kichwa. Akasema hawezi. Alisema kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayeogopa kusikiwa na aliye juu: "Nikimwambia, nimemwambia Mungu kwamba siamini. Halafu akikuachia mkono?"

"Mke wangu, nitazame."

Hakumtazama. Alikuwa hajamtazama vizuri kwa muda mrefu. Alikuwa akimlisha, akimwosha, akimgeuza, yote hayo macho yakiwa pembeni.

Mwanangu akanigeukia mimi. Akaniomba nimwite Spana.

Jumapili mkwe wangu aliondoka mapema na joho lake la kwaya mkononi. Hakuuliza tunapanga nini, nami nadhani alijua. Spana alikuja na mkokoteni alioazima, ameufunga mipira kwenye ekseli usitikise sana. Tulitaka kumlaza, akakataa. Alisema hataki kupelekwa kama mzigo wa magunia. Basi tukapandisha ile fremu ya kiti iliyobaki, tukaifunga kamba, tukamkalisha, nikamfunika blanketi lile la Mchungaji.

"Kila siku unatengenezea watu viti," Spana akamwambia, "leo ndiyo nakuona umekaa."

Alisukuma polepole, akikwepa kila shimo. Kwenye kila tuta alisimama, akanyanyua gurudumu kwa mikono. Nilitembea ubavuni nimeshika mkono wa mwanangu. Watu waliokutana nasi walisalimu kwa heshima na kuuliza mgonjwa ni nani. Walikuwa watu wa mtaani kwetu.

Pale langoni wahudumu wenye beji walitusimamisha. Ibada ilikuwa inaendelea, vipaza sauti vinatikisa mabati. Nilieleza kwamba huyu ndiye fundi wa bango, ana neno kwa mama mmoja. Kijana wa beji akamtazama mwanangu, akatazama juu kwenye plastiki, akarudi kwangu.

"Bibi, msitie watu majaribuni. Yule ndugu amesafiri."

Spana akasema, "Amesafiri kweli. Ndiyo amerudi hivi."

Hawakutuingiza. Lakini hawakutufukuza pia, na mmoja wao alituletea maji kwenye kikombe, akageuka haraka asionekane. Tukangoja kando ya lango. Jua lilipofika usoni kwa mwanangu, Spana alivua shati akalishika juu kama mwavuli, akabaki na fulana yenye matobo.

Ibada ilipokwisha watu walijaa langoni. Wengine walipita wakitazama viatu vyao. Wengine walisimama mbali wakinong'ona. Mwanangu alikuwa akizitafuta nyuso moja moja, mpaka akakiona kile kitambaa cha kichwani na shingo ile.

Akamwita mama wa yule binti. Sauti haikufika, nikaita mimi.

Mwanamke alikuja, akiwa amemshika binti mkono. Mwanangu akamwambia, "Mimi ndiye uliyemletea mayai. Sikupona. Mrudishe mtoto hospitali."

Mwanamke alimtazama, akatazama bango. Akafanya hivyo tena. Kisha akasema, bila ukali, "Yule ana mashavu."

"Mashavu yameliwa, dada."

Kijana wa beji akamshika mwanamke bega, akamwambia twende, adui ana mbinu nyingi. Naye akaanza kuondoka. Binti aligeuza kichwa kututazama huku anavutwa. Nikamwona mwanangu ananyoosha mkono, mkono haufiki popote.

Hapo ndipo Mchungaji alipotoka. Watu wakampisha. Alikuja mpaka kwenye mkokoteni, akainama, nami nilikuwa karibu kwa hiyo nilisikia. "Ndugu yangu," alisema, na sauti ilikuwa ya mtu anayebembeleza, "sema umepona, nasi tutakubeba mpaka ndani."

Mwanangu akamjibu, "Nibebe hivi nilivyo, Mchungaji. Mungu alikuja kwangu siku ile, simkani. Lakini sikupona. Hayo ni mambo mawili."

Mchungaji akasimama wima. Mikono yake ilikuwa imeshanyooka kidogo, kama ya mtu anayetaka kuinua kitu. Akaitazama mikono ile. Kisha akatazama watu waliokuwa wakimtazama yeye, akaishusha.

Kwaya ilikuwa imetoka kwa mlango wa pembeni. Mkwe wangu alikuwa nyuma yao, joho limemfika miguuni. Alipita katikati ya watu bila kuomba njia. Nilidhani anakuja kunigombeza. Alifika mkokotenini, blanketi lilikuwa limeteleza, akawafunulia watu wote miguu ya mumewe jinsi ilivyokuwa, kisha akaifunika na kuchomeka ncha chini yake. Akainua uso, akamtazama. Alimtazama sana.

"Huyu ni mume wangu," akasema. Sauti yake imezoea kujaza kanisa, kila mtu akasikia. "Ndiye aliyebeba kochi. Hakusafiri. Mimi ndiye niliyemficha."

Akamgeukia yule mwanamke. "Mama, mrudishe mtoto. Leo, usingoje kesho."

Mwanamke alikaa chini pale pale kwenye vumbi na nguo zake nzuri. Binti ndiye aliyembembeleza.

Siku zilizofuata pazia lilikuwa wazi. Spana alimpeleka mkwe wangu hospitali kwa baiskeli, wakarudi na dawa ya maji ya maumivu, kali, ya matone, ambayo tungeweza kuipata tangu mwanzo. Huko hospitali waliambiwa uvimbe haukatiki tena. Majirani waliingia, wakaketi, wakamsimulia mambo ya mtaani. Alikufa mchana, mkewe akimpangusa midomo, Spana akiwa hapo nje anajaza upepo gurudumu. Mwanangu alisikia mlio wa pampu ukisimama. Nadhani alisikia.

Kanisa lilitangaza kwamba alipoteza uponyaji wake kwa kinywa chake mwenyewe. Hawakuja kuzika. Wanawake wachache wa kwaya waliingia kwa mlango wa nyuma, wakaosha masufuria yote, wakaondoka bila kusema majina ya waliowatuma, kama wapo. Kanisa lilishusha bango. Na asubuhi moja tulikuta kiti cha madhabahuni kimewekwa mbele ya mlango wetu, kitambaa chake chekundu kimelowa umande.

Mkwe wangu alitaka kukichoma. Nikasema tungoje kwanza.

Yule mwanamke alikuja na binti kutupa pole. Wamerudi hospitali. Madaktari hawakuwaahidi chochote. Walisema tu muda uliopotea ni mwingi. Binti alikuwa amechoka na njia, nikamkalisha kwenye kiti kile kwa kuwa ndicho kilichokuwa laini. Akalala humo, kichwa kimeegemea mahali Mchungaji alipokuwa akiegemeza cha kwake. Mama yake aliniomba nimwombee. Nikamwambia sijui kuomba kwa namna ya kuponya watu. Akasema niombe tu ninavyojua. Nikashika kisigino cha mtoto, nikanyamaza.

Mkwe wangu haimbi tena, hata anapofua. Jioni moja nilikuwa naosha vyombo, akaja kusimama nyuma yangu na kitambaa cha kukaushia.

"Mama, huwa unamwambia Mungu nini?"

Nikamwambia kwamba siku hizi simwambii mengi. Namwambia nipo. Basi.

"Naye anasema nini?"

"Bado hajasema."

Akakunja mikono ya gauni, akatia mikono kwenye maji pamoja na yangu, akaokota sahani.