Nyumba Mia Mbili Zisizo na Mbwa

Wiki ya mwisho kabla sijastaafu idara ya maji, mkuu wetu, tuliyempachika jina Kamanda, alinituma nikague mabomba kwenye nyumba mia mbili. Ripoti iwe ya Kiingereza, wafadhili wa bomba jipya waisome.

Nilimaliza kwa siku nne. Siri yangu? Kila nyumba yenye mbwa niliiruka, nikaingia nyingine. Kuna mmoja kule mlimani, naapa, ana ukubwa wa pikipiki na sauti ya lori. Kwenye ripoti nikaandika nyumba zilichaguliwa "at random", yaani kwa bahati nasibu, nikajipongeza.

Ijumaa akaja mtakwimu, binti mwenye miwani, kuipitia. Tulikaa watatu kwenye chumba cha mafaili kisicho na dirisha, Kamanda akiwa ameuziba mlango kwa kiti chake.

"Mzee wangu, hapa umesema random. Ulipiga kura?"

"Nilikwenda popote miguu iliponipeleka, mwanangu."

"Hiyo siyo random. Kila nyumba ilikuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa?"

"Huyu ni mkongwe!" Kamanda akadakia. "Neno lake ni mhuri. Wafadhili tumeshawaambia mlimani maji yanatosha."

Jasho likanishuka mpaka soksi zikalowa. Mlimani anakaa dada yangu, na kule kila nyumba ina mbwa, kwa hiyo sikuingia hata moja. Neno lile likibaki, bomba jipya halipandi, naye ataendelea kubeba ndoo kichwani. Nikilifuta, Kamanda atanitafuna mzimamzima.

"Naomba niende msalani, bosi."

"Saini kwanza."

Nikashika kalamu. Nikalikata lile neno, juu yake nikaandika kwamba nilikagua nyumba zisizo na mbwa tu.

Kamanda akasoma mara mbili. "Mbwa?"

"Mbwa, bosi."

"Mtu mzima na mvi zako!"

Binti aliuma midomo asicheke. "Angalau sasa ni kweli. Ila mlimani hatujui lolote. Kazi irudiwe." Akafungua orodha ya wateja wote, kompyuta ikachagua nyumba mia mbili bila kumwonea mtu haya.

"Na hustaafu," Kamanda akasema, "mpaka uingie ya mwisho."

Jumatatu asubuhi nilisimama mbele ya nyumba ya kwanza kwenye orodha, kule mlimani, geti jekundu. Nikabisha. Ng'ambo ya geti kitu kikaanza kuhema.