Nafasi Kati ya Reli

Mageni alikuwa fundi wa viungo vya reli pale Shinyanga, miaka ile ya hamsini. Alifundishwa kuacha nafasi ndogo kati ya reli na reli, upana wa ukucha tu, maana chuma nacho hutanuka jua likiwaka. Magurudumu yakipita hapo yaligonga ko-ko, ko-ko, na binti yake Limi, mgonjwa wa kifua, alikuwa akishtuka usingizini, maana nyumba yao ilikuwa kando ya reli.

"Baba Limi, huwezi kuitengeneza hiyo reli isigonge?" mkewe alimwuliza.

Asubuhi moja ya baridi, mwezi wa Julai, Mageni akazisogeza reli za nyuma ya nyumba yake hadi zikashikana, akakaza nati. Treni ikapita taratibu kama paka.

"Umekuwa mganga wa reli!" wenzake wakamtania. Limi akalala.

Oktoba ikaja na jua lake. Chuma kikakosa pa kwenda, kikajipinda. Rafiki yake Eustace akaja na kiberenge, kile kigari chao cha kazi, kikaruka nje ya reli. Akafa palepale.

Matangani watu walisema ni kazi ya Mungu. Mbuke, mjane wa Eustace, akamwita pembeni.

"Shemeji, fundi ni wewe. Reli ilikuwa na nini?"

Angeweza kusema jua. Jua lilikuwepo kweli.

"Niliibana mimi, shemeji. Mtoto alikuwa halali."

Mbuke akageukia wazee waliokaa mkekani.

"Basi kawaambie wakwe zangu mwenyewe. Mimi mdomo huo sina."

Mageni akajikokota kwenda walikokaa wazazi wa Eustace, akapiga magoti.