Mifupa ya Mama Benvenuta

Mama Benvenuta alipokohoa wakati wa misa, mji mzima wa Roccafosca ulichangamka kama una harusi. Seremala alikwenda kwenye kijumba chake ubavuni mwa kanisa, akampima urefu kwa kisingizio cha kumtengenezea kitanda. Paroko alikwisha chagua mahali chini ya altare. Si kwamba walikuwa watu wabaya. Walimpenda mtakatifu wao, ila mifupa yake waliipenda zaidi. Mji wenye mifupa hupata mahujaji, na wagonjwa wake hupona. Mtakatifu aliye hai anamaliza dengu tu.

Ranuccio, bawabu wa lango la chini, aliingoja mifupa hiyo kuliko wote. Binti yake Tessa hakuwahi kusimama tangu azaliwe. Alitambaa. Paroko alikuwa ameahidi kwamba mtoto huyo ndiye atakayeligusa kaburi kwanza.

Ndiyo maana asubuhi moja Ranuccio alipomwona bibi huyo mtakatifu akiteremka na fimbo na kifurushi, roho ilimruka.

"Safari ya wapi, Mama?"

"Bondeni, kwa wakoma. Mungu ananiita huko tangu nikiwa msichana, nami namwimbia zaburi nisimsikie. Nilikuwa nawaogopa, mwanangu. Nimechoka kujifanya kiziwi."

"Na kurudi?"

"Nirudie nini? Kile kitanda cha seremala nimekiona. Kina kifuniko."

Ranuccio hakucheka. Aliuweka mkuki wake katikati ya lango. "Nilaani ukitaka, lakini hupiti. Mwanangu hatembei. Ukifia kule, nitamgusisha nini?"

"Mlete nimwombee ningali na mdomo."

"Si umeshamwombea?"

"Nimemwombea mpaka magoti yameota sugu. Kwa nini unadhani nikifa ndipo nitasikilizwa?"

"Kwa sababu utakuwa karibu na Mungu kuliko sisi."

Bibi alimtazama kwa huruma, akamgusa shavu. Kisha, kwa wepesi usiotarajiwa kwa umri wake, akainama na kupita chini ya mkuki.

Nje, Oddo mkoma alikuwa ameketi mahali pake pa kila siku, vibao vyake vya kugonga kuwaonya wapitao vikiwa kando, bakuli la uji mapajani. Sheria ya mji hata watoto waliijua: anayekula katika chombo kimoja na mkoma ni wa wakoma, na haruhusiwi tena kuingia lango hili.

"Nionjeshe, Oddo."

"Mama, uji wenyewe mbovu. Tena utaniletea kesi!"

Ranuccio alikwisha mshika bibi mkono wa joho. Alikuwa karibu kiasi cha kuona jinsi bibi alivyofumba macho kama mtoto anayepewa dawa chungu. Bibi akanywa. Akajipangusa mdomo, akageuka.

"Haya, Ranuccio. Nirudishe."

Ranuccio aliachia joho kana kwamba limeshika moto. Akarudi ndani, akalifunga lango kwa mikono yake mwenyewe huku analia kwa hasira.

Mjini walisema bibi amerukwa na akili. Altare ikabaki bila mifupa. Habari ya kifo chake ilipofika, baada ya baridi kuisha, hakuna aliyekwenda kumchukua. Nani atake mifupa iliyolala na wakoma?

Ranuccio alizuia hofu yake kwa siku kadhaa, kisha akambeba Tessa mgongoni na kuteremka bondeni. Oddo alimpokea kwenye uzio wa kijiji cha wakoma, akasimama mbali kwa adabu.

"Kaburi lake liko wapi?"

"Hapo, pamoja na ya wenzetu."

Palikuwa na uwanja wa matuta ya udongo, yote sawa, hakuna hata moja lenye jina.

"Lipi, Oddo? Nakuomba."

"Kaka, sijui. Alikataa alama. Mvua imeyasawazisha yote."

Ranuccio alimweka mtoto chini. Alitaka kutukana, lakini alikuwa amebeba ombi lake kutoka mbali mno asiweze kulirudisha nyumbani. Akapiga magoti kwenye tuta la kwanza, akasali kwa ajili ya mtu aliyekuwamo, asijue ni nani. Akasogea la pili. Lilikuwa jirani tu, hakuona sababu ya kuinuka. Tessa akamfuata nyuma, akichuma maua ya manjano ya uwanjani na kuweka moja kwenye kila tuta alilosalia baba yake.

Walipofika katikati ya uwanja, mtoto alimshika kisigino, akacheka mpaka akakosa pumzi.

"Baba! Na wewe unatambaa!"