Tarehe Iliyo Kwenye Kadi

Sikio la Odette lilianza kuuma Ijumaa jioni, na kufikia Jumamosi asubuhi mtoto alikuwa anasema kuna nyuki ndani anatafuta mlango. Zahanati ya kambini haifunguliwi Jumamosi. Mama yake, Delphine Thibodeaux, akapiga simu kuomba kibali, maana mwaka ule wa 2009 bima ya familia za jeshi haikukuruhusu kwenda kliniki ya nje mpaka mtu asiyekujua aseme uende. Alisubiri dakika arobaini akisikilizishwa muziki wa filimbi. Mtoto analia huku, filimbi inalia kule. Mwishowe sauti ikasema haya, nendeni, naye akamfunga Odette mkanda wa gari huku akinung'unika.

Kliniki yenyewe ilikuwa pembeni mwa mji wa Clarksville, kati ya duka la matairi na kinyozi wa askari, nayo ilikuwa ya wagonjwa wa haraka wasio wa kufa. Waliokaa pale karibu wote walikuwa wanawake na watoto, kwa kuwa kikosi kizima kilikuwa Afghanistan tangu mwaka uliopita. Mapokezini alikaa Bi Vernell, mke wa askari mstaafu, mama wa miwani ya mnyororo ambaye hakuna kitu cha jeshi kilichoweza kumshangaza.

"Nambari ya mume," alisema.

Delphine aliitaja, tarakimu tisa bila kupumua. Ya kwake mwenyewe ingebidi aifikirie kwanza. Miaka minane ya ndoa, kila daktari na kila chupa ya dawa ilipatikana kwa nambari ya Landry.

"Mwenyewe yuko?"

"Hayupo."

"Hata sijui kwa nini nauliza. Tangu asubuhi nimeandika waume kumi na wawili, na sijaona ndevu za hata mmoja. Lete kadi, mwanangu."

Delphine aliitoa kadi taratibu. Picha ilikuwa mbaya, macho yamevimba, lakini hakuwa akiitazama picha. Chini yake paliandikwa 14 Juni 2009. Jeshi huandika kwenye kadi ya mke siku ambayo mkataba wa mume unakwisha, na wake wengi huiona tarehe hiyo kuwa usumbufu wa kupanga foleni tu. Kwa Delphine haikuwa usumbufu. Siku ya kuondoka, jikoni, Landry aliweka kidole juu yake akasema, "Ikifika hii, mimi si wa jeshi tena. Ni wako."

Aprili angerudi pamoja na wenzake, hilo lilijulikana. Lakini kurudi si kubaki. Alikwisha kurudi mara mbili, na mara mbili akaondoka tena kabla shuka hazijazoea harufu yake. Juni ndiyo ilikuwa ya kubaki. Wangehamia kwao Louisiana, Landry atengeneze injini za mashua na mjomba wake, alale upande ule ule wa kitanda mpaka azeeke. Delphine alimtamani mpaka alitamani hata kero zake. Zamani alimgombeza kwa kuacha buti mlangoni. Sasa alikuwa ameziweka mwenyewe pale pale pa kujikwaa, na kila asubuhi alijikwaa kwa hiari. Subira yavuta heri, walimwambia wake wengine wa askari. Alikuwa amevuta mpaka viganja vinauma, na zilibaki wiki kumi na tatu.

Bi Vernell aligonga vidole kwenye kompyuta, akasogeza miwani.

"Bima yenu haina tatizo. Ila hii kadi kaibadilishe mapema, usingoje foleni ya Juni. Humu mnaonekana ni wa jeshi mpaka Juni ya 2013."

"Hayo ni makosa."

"Mashine hii ina makosa mengi, ila si haya. Tarehe haisogei yenyewe, mwanangu. Inasogea mume akitia sahihi tena. Wangu aliisogeza mara tatu." Kisha akamtazama vizuri, na sauti ikashuka. "Hakukwambia?"

"Aliniambia," alisema Delphine. "Nilisahau tu."

Bi Vernell alimrudishia kadi kwa mikono miwili.

Daktari alikuta sikio limeingia usaha, akaandika dawa ya maji ya siku kumi. Delphine alisikia kila neno na hakushika hata moja, ikabidi amwombe aandike. Walikuwa wameingia garini tu simu ilipolia, na namba ilikuwa ile ndefu yenye sifuri nyingi. Odette aliinyakua.

"Baba, nina nyuki sikioni."

Landry alicheka kwa mbali. Aliuliza nyuki anaitwa nani, akaahidi kuja kumtoa, kisha akamtaka mama.

"Mambo vipi, mpenzi?"

Wake wa kambini wana kanuni moja: mume aliye vitani habebeshwi mzigo wa nyumbani. Delphine aliifuata kwa miezi kumi na moja. Boila ya maji moto iliharibika, hakusema. Mimba aliyomwachia ilitoka mwezi wa pili tangu aondoke, hakusema.

"Tuko salama," alisema. "Una jipya huko?"

"Hakuna. Vumbi tu. Ninyi?"

Alitazama kadi iliyokuwa pajani.

"Kadi yangu inakwisha Juni. Nikaibadilishe?"

Sauti kutoka kule huchelewa. Alijua kuchelewa kwake, hesabu ya moja, mbili, halafu neno hufika. Alihesabu mpaka tisa.

"Kaibadilishe," alisema Landry. "Nilitaka nikwambie uso kwa uso, Delphine. Nisikwambie kwenye simu."

Hasira aliyokuwa ameiandaa ilikuwepo, nzima na nzito, lakini kilichotoka kinywani hakikuwa hiyo.

"Basi njoo uniambie," alisema. "Njoo uso kwa uso."

Muda wa simu ukaisha kabla hajajibu. Delphine aliendesha mpaka duka la dawa, akaitaja nambari ya Landry kwa mfamasia, akarudi nyumbani amembeba Odette aliyesinzia. Mlangoni alijikwaa kwenye buti. Safari hii hakukusudia. Alisimama kidogo akizitazama, kisha akaziacha pale pale.