Chupa za Profesa

Jamani, mimi nimechoka na chupa za Profesa wangu pale maabara! Ndani yake anafuga seli za saratani zilizotoka kwa baba mmoja aliyekufa zamani kwa ugonjwa huo huo, zinazaana tu kama mchwa, na kwake yeye utafiti ni hizo. Ukimletea kipande cha mwili kilichokatwa hospitalini, anakunja uso. "Vinyama vyenu vina mambo mengi," husema. "Damu humo, mafuta humo. Seli zangu safi."

Safi! Hata samaki wa kwenye bakuli anaogelea, lakini usimuulize habari za mto.

Safari hii kipande kilikuwa cha dada yangu. Uvimbe wa tumboni. Daktari alikuwa anasubiri tusome vinasaba vyake ndipo achague dawa, na kipande chenyewe hakikufika punje ya mahindi. Nikambembeleza Profesa: tukikisaga, chupa zako zikae mbali.

"Unanifundisha kazi?" Akaziweka kwenye meza ile ile ya kipande, akachovya kote kwa bomba lile lile la kunyonyea, eti tuokoe muda.

Majibu yalipotoka akaniita kwa makelele. "Njoo uone! Ya dada yako na ya seli zangu, kama pacha! Si nilisema chupa zinatosha?"

Nikaisogelea kompyuta. Nilipoangalia tu, nikaona kromosomu Y, ile ya kiume.

"Profesa, huyu ni mwanamume."

"Nani?"

"Huyu uliyemsoma! Dada yangu kazaa watoto watatu, mimi mwenyewe nikiwa pembeni. Hizi ni seli zako, zimeingia humo zikammeza!"

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Basi turudie," akasema kwa sauti ndogo.

"Turudie na nini? Umekisaga chote!"

Nikaenda kwa dada na hasira zangu. Nilimkuta kitandani, mshono haujakauka. Nikamweleza yote, kwamba itabidi akatwe tena. Akacheka huku ameshikilia tumbo.

"Yaani nimekuwa dume? Weee, shemeji yako asisikie!"

Nikacheka naye, ingawa nilitaka kulia. Kisha akawa anakunja pindo la shuka.

"Na huyo mwenye seli," akaniuliza, "yeye alipona?"

Nikajifanya natafuta simu mkobani.