Waliopigiwa Simu: Sifuri

Kengele ni programu huria: msimbo wake uko wazi mtandaoni, na yeyote anayeweza anaruhusiwa kuurekebisha. Upepo mkali ukitabiriwa, yenyewe huwapigia simu watu wa kisiwa cha Mafia waliojiandikisha na kuwasomea tahadhari. Kule Bweni, kijiji cha kaskazini mwa kisiwa, wanawake wanaochokoa pweza mwambani huvaa simu shingoni, ndani ya mfuko wa plastiki. Ikilia, wanatoka. Isipolia, bahari ni shwari. Hawabishani tena.

Warda hakuwa na ugomvi na mlio. Ugomvi wake ulikuwa na maneno. "Eneo lako litapata uzoefu wa upepo," Kengele ilisema siku moja, na mama yake, Bi Kidawa, alicheka na wenzake mpaka pweza akawaponyoka.

"Upepo hauna uzoefu, una nguvu," Warda alimwambia Anatory, msimamizi wa mradi huo pale mjini Kilindoni. "Maneno hayo nitayaandika upya."

"Haya, mwalimu. Ila kwanza uiandae kompyuta yako. Utarekebishaje kitu usichoweza kukiendesha?"

Asubuhi ile, ofisini kwa Anatory, Warda alifuata mwongozo. Alipakua zana, akanakili msimbo. Kisha mwongozo ukamtaka atengeneze kanzidata yake mwenyewe, yaani hifadhi ya namba za simu, tupu, ya majaribio. Mtandao ulikuwa ukitambaa. Asilimia nne. Asilimia nne. Tano.

"Utazeekea hapo, dada," Anatory alisema. "Chukua faili langu la mipangilio. Lina kila kitu."

"Halina shida?"

"Mbona mimi nalitumia kila siku?"

Akalichukua, akaendesha majaribio. Mistari ikateremka kwenye kioo, yote ya kijani: sawa, sawa, sawa.

Nje, minazi ilianza kuinamia upande mmoja. Bati la jirani lilipiga kishindo, likatulia.

Kompyuta ya Anatory ikaonyesha utabiri mpya: upepo mkali, kaskazini mwa kisiwa. Kengele imetuma tahadhari. Chini yake palikuwa na mstari mmoja. Waliopigiwa simu: sifuri.

Anatory aliusoma kwa sauti. Akausoma tena, safari hii midomo tu ikicheza.

Warda aliurudia msimbo wa majaribio. Amri ya kwanza kabisa: kabla ya kuanza, futa namba zote. Kwenye kanzidata tupu ingefuta hewa. Faili la Anatory lilielekeza kwenye kanzidata halisi ya Kengele, yenye namba za wote waliojiandikisha.

"Nakala ya akiba iko wapi?"

Anatory alishika kichwa. "Usimwambie mtu kwanza. Nipe nafasi nitafute."

"Mama yangu yuko mwambani."

Alipiga. Simu iliita, ikaita.

"Mama, tokeni majini!"

"Hata shikamoo? Nani anakukimbiza?"

"Shikamoo, mama. Tokeni, upepo unakuja!"

"Marahaba. Upepo gani? Huku kuna kiwingu tu. Ungekuwa upepo, Kengele ingelia."

"Imeshindwa kupiga."

"Labda kwangu. Na kwa Shamsa? Na kwa Umi, kule mwisho wa mwamba? Zote kimya." Akawageukia wenzake. "Jamani, mwanangu kawa mtabiri!" Kicheko kilipita kwenye simu, na nyuma yake sauti kama ya kanga inayochanwa.

Anatory alikuwa akitikisa kichwa: usiseme. Akisema, nani kule Bweni atamwamini tena, yeye au mradi?

"Mama, nisikilize. Kengele nimeizima mimi. Leo asubuhi. Nimefuta namba zenu zote kwa mkono wangu. Haiwezi kumpigia mtu yeyote."

Kicheko kikakatika.

"Wewe?"

"Mimi."

Bi Kidawa hakugomba. Warda alisikia pumzi yake karibu, na maji yakichapa. "Ndiyo maana mkondo umejaa kabla ya saa yake," alisema polepole. "Nikadhani macho yangu."

Mkondo ule ndio waliouvuka kwa miguu kwenda mwambani. Njia nyingine ya kurudi pwani hawakuwa nayo.

Kisha akaanza kuita. "Shamsa! Aziza! Umi! Tokeni!"

Shamsa akaitika. Aziza akaitika, sauti yake ikipeperuka.

"Umi!"

Sauti nyingine zikamsaidia, moja juu ya nyingine. "Umi! Umi wee!"

Warda aliibana simu sikioni kwa mikono miwili, akimsubiri Umi aitike.