Tafakuri Ahamia Bayana

Katika dola ya Mafungamano, iliyokusanya majimbo mengi chini ya bendera moja bila kuyakusanya chini ya tabia moja, palikuwa na jimbo la Staha, lililolala bondeni kwenye joto na mashamba ya mpunga, na ambalo watu wake walisifika kwa adabu kuliko wote waliopata kuitwa waungwana. Huko hapakuwa na aliyemkatalia mwenziwe jambo. Mzazi asiyetaka kumwoza binti yake alimwambia mposaji, "Tutazungumza". Mwenyeji aliyechoshwa na mgeni alimwongezea chai. Na tabibu aliyeona mauti yamekwisha kukaa kitandani alitabasamu akasifu weupe wa mashuka. Kumpa mtu habari ya kumhuzunisha kulihesabiwa sawa na kumpiga kofi. Wastaha walipeana faraja tangu asubuhi hadi jioni, kila mmoja akijua kwamba anadanganywa, na kila mmoja akishukuru.

Humo aliishi seremala aliyeitwa Tafakuri, mrefu wa kimo na mfupi wa maneno, pamoja na mkewe Azma na binti yao wa pekee, Tunu. Mtoto huyo alitimiza miaka sita bila kutamka neno. Majirani walisema, "Mtulivu kama malaika, mashallah." Mwalimu alisema anaendelea vizuri. Shangazi zake walisema wenye akili nyingi huchelewa. Wazazi walizipokea sifa hizo, wakatulia nazo kama mgonjwa anavyotulia na dawa ya usingizi.

Siku moja akapita mlangoni pao mwanamke muuza vitambaa kutoka jimbo la Bayana, lililoko juu milimani. Tunu alikuwa amekaa kizingitini, ameipa barabara mgongo. Mwanamke akapiga hodi, akarudia kwa sauti, kisha akapiga makofi nyuma ya kichwa cha mtoto. Mtoto hakugeuka. Azma alipotoka, hata kabla salamu hazijafika katikati, mgeni alisema:

"Mtoto wako hasikii."

"Karibu ndani, dada," Azma akasema, maana hilo ndilo alilolelewa kulisema.

"Sikuja kukaa. Hasikii kabisa. Kwetu kuna chuo wanakofundishwa watoto wa namna yake kusema kwa mikono. Mnamchelewesha."

Akaenda zake bila kuuza kitu. Azma akajikalisha palepale kizingitini, akampakata mwanawe, akalia kilio cha miaka yote sita. Na katikati ya kilio hicho akagundua kwamba hakumchukia yule mwanamke hata kidogo.

"Tuhame, Baba Tunu," alimwambia mumewe karakanani.

Tafakuri hakuinua uso. Randa ilikwenda ikarudi juu ya ubao. "Watu wa kule hawana haya. Nasikia bwana harusi huambiwa mbele ya kadamnasi kwamba kavaa vibaya. Nasikia baridi ya kule hupasua midomo, na kila mtu hula katika sahani yake peke yake. Mama yangu yuko hapa. Nani atanijua huko?"

"Hakuna atakayekujua."

"Na hilo halikutishi?"

"Linanitisha. Lakini hapa wanatujua wote, na hakuna aliyetuambia."

Randa ikasimama. Kesho yake Tafakuri alizunguka kwa jamaa na majirani kutaka shauri. Wote walimwambia kuhama ni jambo la busara kubwa. Alipowauliza kama si afadhali abaki, wote wakamwambia kubaki nako kuna busara kubwa. Alirudi nyumbani akijua kwamba shauri lilikuwa lake yeye na mkewe tu. Mvua zilipokatika, akamuaga mama yake, aliyesema kwamba milima si mbali, ingawa wote wawili walijua ni mbali, nao wakapanda.

Bayana lilikuwa jimbo la nyumba za mawe na madirisha yasiyo na mapazia, likitawaliwa na Sheria ya Kauli Wazi, iliyoamuru kwamba mtu asifiche analolifikiri juu ya mwenziwe. Tafakuri alipata taabu. Alisimama dukani akimjulia hali muuzaji, watoto wake na wazee wake, na muuzaji akamkatiza, "Unataka misumari au hutaki?" Jirani yake, mzee mmoja aliyeitwa Kavu, alikuja juma la kwanza, akaikagua meza ambayo Tafakuri alikuwa ameitengeneza, akasema mbele ya watu, "Imepinda. Na ninyi wa bondeni ni wanafiki." Meza ilikuwa imepinda kweli, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Midomo ikampasuka. Alitamani harufu ya wali mpya na sauti za watu wanaosemana vizuri hata kama hawamaanishi.

Lakini Tunu alifunguka. Kwanza alijifunza kuomba maji kwa vidole, kisha kumwita mama, kisha baba; na baada ya hapo mikono yake haikutulia tena. Asubuhi moja alimweleza babake, kwa ishara zisizo na shaka, kwamba uji alioupika ni mbaya, na Tafakuri akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Kisha mzee Kavu akafa. Kwa desturi ya Bayana, waliokuja kumhani mjane wake, Bi Dhahiri, walimweleza kila mmoja aonavyo: kwamba marehemu alichelewa kwenda kwa tabibu kwa ukaidi wake, kwamba alikula vibaya, kwamba ulimi wake umemnyima wa kumlilia. Tafakuri alikwenda, akaketi kwenye mkeka karibu na mlango, akakaa hapo mchana wote bila kusema neno. Alipotoka, watu walikwisha kumshitaki kwa kosa la kuficha.

Baraza likajaa. Mshitaki wa jimbo, Bwana Kaulikali, akasimama.

"Marehemu alikuita mnafiki?"

"Aliniita."

"Ulimpenda?"

Malezi yote ya Staha yakampanda Tafakuri kooni. Akayameza. "Sikumpenda."

"Basi kwa nini hukumwambia mjane wake?"

"Sikwenda kwa ajili ya marehemu, bwana. Nilikwenda kwa ajili yake yeye."

Kadhi Insafu, mwanamke mwenye umri mkubwa na sauti ndogo, akaamuru Bi Dhahiri aitwe. Mjane akaja, akasimama wima.

"Mheshimiwa Kadhi, walikuja wengi, na wote walisema kweli. Kila mmoja alinieleza kwa nini mume wangu amekufa. Nilikuwa nayajua yote, nilikuwa mkewe. Huyu peke yake hakunieleza kitu, na mchana ule ndipo nilipopata kulia."

Wabayana, waliozoea kutazamana usoni, walitazama sakafu. Kadhi akamwuliza mshitakiwa kama ana la kuongeza.

"Ninalo," akasema Tafakuri. "Nisidhaniwe nimekuja kuwafundisha ukimya. Kwetu ukimya ulimla mwanangu miaka sita, nami nilikuwa mmoja wa walionyamaza. Aliyetutoa humo ni mwanamke wa hapa, aliyesema bila hata kuketi. Sheria yenu imenipa binti. Naomba tu isiingie penye msiba ikiwa na viatu."

Kadhi Insafu akasema, "Sheria hii ilitungwa ili mtu asidanganywe, haikutungwa ili mtu asihurumiwe. Mshitakiwa hakusema uongo. Yu huru. Na tangu leo, katika nyumba ya matanga, anayetaka kunyamaza anyamaze."

Kaulikali alipinga kwa ukali, na wengine wakamwunga mkono, wakisema jimbo limeanza kuoza. Walisema waziwazi, kama ilivyo haki yao, kisha wakatawanyika.

Njiani Azma akauliza, "Sasa unataka turudi?"

"Hatutarudi. Hapa ndipo mtoto wetu anaposema." Akaenda hatua kadhaa. "Lakini nina huzuni, Mama Tunu. Namkumbuka mama kila siku, na hapa sitapapenda upesi."

Hakuwahi, tangu amwoe, kumwambia maneno kama hayo. Azma hakutafuta la kumtuliza. Alimshika mkono, wakateremka pamoja kumchukua mtoto chuoni.